Uzi maalum: Kuunganisha autiputi za PLC na pampu, valvu, kontakta na taa (kwa fundi anayeanza)

Fundi_Njiro:

Wakuu, salaam. Maswali ya PLC (kidhibiti cha kompyuta kinachoendesha mitambo) yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa vijana wanaomaliza chuo wakiwa wanaandika ladda (programu ya PLC ya michoro) vizuri kabisa. Wakifika kwenye paneli wanakwama pale waya unapotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye pampu au valvu. Programu iko sawa, autiputi inakufa siku ya kwanza. Tuweke mambo yote hapa ili mtu akiuliza tumwelekeze kwenye uzi huu.

La kwanza, na ukilishika hili mengine yatanyooka: autiputi ya PLC ni swichi. Haizalishi umeme. Umeme unaoendesha mzigo unautoa wewe, kwenye pawa saplai, transfoma au breka. PLC inafunga njia na kuifungua, basi. Na swichi yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo kabla hujakata waya hata mmoja jiulize: swichi hii ni ya aina gani? Inabeba ampea ngapi? Mzigo wangu ni wa AC au DC? Na unapoamka unavuta mkondo kiasi gani? Kujua "volti ngapi" peke yake hakutoshi, na hapo ndipo wengi wanaunguza.

Autiputi za rilei zina pointi za chuma ndani. Zinakubali AC na DC, hazijali chanya wala hasi, ila ni za taratibu na zinachakaa. Siemens S7-1200 ya rilei inabeba 2 A kwa kila pointi, kati ya 5 na 30 V DC au 5 na 250 V AC. Mitsubishi FX3U ya rilei nayo ni 2 A kwa pointi. LOGO! 230RCE ina rilei kubwa zaidi: 10 A kwa mzigo wa joto kama hita, lakini 3 A tu kwa mzigo wenye koili. Rilei ni ileile. Koili inapokatwa inatupa cheche, na cheche ndiyo inayokula pointi.

Autiputi za transista, yaani swichi ya elektroniki isiyo na pointi, ni za DC tu. Zina kasi na hazichakai kwa kuwasha na kuzima. Kwenye S7-1200 kila moja inabeba 0.5 A, na kwa taa ya nyuzi ni 5 W tu, kwa sababu nyuzi ikiwa baridi inavuta mara kumi au zaidi ya mkondo wake wa kawaida.

Triaki nazo ni swichi za elektroniki, ila ni za AC tu. Huku kwetu utazikuta mara chache, zaidi kwenye moduli za nyongeza. Zinavujisha mkondo kidogo hata zikiwa zimezimwa, na mkondo huo unaweza kushikilia rilei ndogo isiachie.

Utajuaje unayo ipi? Soma ubavuni. CPU 1214C, ambayo ni modeli ya S7-1200, ikiandikwa AC/DC/Rly maana yake inakula AC, inputi zake ni za DC, autiputi ni rilei. Ikiandikwa DC/DC/DC, autiputi ni transista. Kifaa kwa nje ni kilekile, rangi ileile, terminali zimepangwa karibu sawa. Herufi hizo ndizo zinazoamua kama jioni utakuwa na PLC au huna.

Halafu kuna pointi za pamoja. Kwenye 1214C ya rilei, autiputi tano za kwanza zinatumia 1L na tano zinazofuata zinatumia 2L. Ukiingiza fezi ya 230 V kwenye 1L, zote tano zinatoa 230 V. Huwezi kuchanganya valvu ya 24 V kwenye kundi hilo. Panga mizigo kwa makundi kwenye karatasi kabla ya kupanga kwenye reli.

---

Maji_UsaRiver:

Shikamoo mkuu. Uzi umekuja wakati mwafaka. Nina kazi ya umwagiliaji wa mboga huku Usa River: CPU 1214C DC/DC/DC, pampu ya fezi tatu 5.5 kW, valvu sita za shambani zilizoandikwa 24 V, na king'ora cha 24 V DC. Pawa saplai ninayo ya 24 V DC, 2.5 A. Kwa kuwa valvu ni 24 na PLC ni 24, naweza kuziunga moja kwa moja?

---

Fundi_Njiro:

Marahaba. Usiunge kwanza. Tazama koili ya valvu vizuri, pembeni ya 24 kuna alama gani? Valvu nyingi za umwagiliaji ni 24 V AC. Autiputi yako ni transista, inajua DC peke yake. Ukileta transfoma ya 24 V AC pale, transista inapata nusu ya wimbi kwa upande mzuri na nusu nyingine kinyume, na itaungua. Upande wa pili nao una hatari yake: koili ya AC ukiilisha DC ya 24 V inavuta mkondo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu kwenye AC kinachozuia mkondo si ukinzani wa waya pekee. Itavuta, utafurahi, baada ya muda inanuka.

Kwa kazi yako weka rilei za kati. PLC inawasha koili ndogo ya rilei ya 24 V DC, pointi za rilei ndizo zinazopitisha 24 V AC kwenda kwenye valvu. Rilei kama Omron MY2N ya 24 V DC inavuta karibu 37 mA tu. Unahitaji sita za valvu, moja ya kontakta (swichi kubwa ya sumaku) ya pampu, moja ya king'ora. Jumla nane, karibu 0.3 A zikiwaka zote. Pawa saplai yako ya 2.5 A inatosha pamoja na PLC yenyewe na vihisi vichache.

---

Kontakta_Pasua:

Naongezea uungaji wa rilei moja hatua kwa hatua, zinazobaki ni kurudia. Hapa naichukulia soketi ya MY2N, namba ziko juu ya soketi.

Kabla ya yote, +24 V iende kwenye 3L+ ya PLC na 0 V iende kwenye 3M. Hili linasahaulika sana. L+ na M za juu zinalisha PLC yenyewe, 3L+ na 3M zinalisha autiputi. Ukizisahau, taa ya Q0.0 (autiputi ya kwanza) itawaka vizuri kabisa na hakuna kitakachotoka.

Kisha Q0.0 kwenda terminali 14 ya rilei, na terminali 13 kwenda 0 V. Usizigeuze. MY2N ina kitaa cha LED, na ile yenye D2 mwishoni mwa jina ina dayodi ndani. Ukigeuza, dayodi inakuwa shoti moja kwa moja kwenye autiputi yako. Autiputi za S7-1200 hazina kinga ya kuzidiwa mzigo. Haitazima ikusubiri urekebishe, itakufa.

Upande wa mzigo: waya mmoja wa transfoma ya 24 V AC upite kwenye fyuzi ya 2 A, uingie terminali 9. Terminali 5 itoke kwenda kwenye valvu. Waya wa pili wa valvu urudi kwenye transfoma. Pointi 9 na 5 zinafunga rilei ikivuta. Pointi 9 na 1 zinafungwa rilei ikiwa imelala, kwa hiyo ukikosea 5 na 1 valvu zote zitafunguka PLC ikiwa imezimwa.

MY2N ina pointi za pili pia, 12, 8 na 4. Usipitishe 230 V kwenye seti moja na 24 V kwenye seti nyingine ya rilei hiyohiyo. Waya ukichomoka siku moja unagusa jirani yake.

---

Maji_UsaRiver:

Nimeangalia koili, kweli kuna alama ya wimbi pembeni ya 24. Asante sana wakuu, mmeniokolea PLC. Transfoma ninunue ya ukubwa gani? Na fezi ya pampu nayo ipite kwenye rilei hizohizo?

---

Kontakta_Pasua:

Transfoma inategemea valvu ngapi zinafunguka pamoja. Soma kibandiko cha koili. Kwa kawaida koili hizi ziko karibu 0.25 A zikiwa zimeshika na karibu 0.4 A wakati wa kuvuta. Ukifungua mbili kwa pamoja: 0.4 × 2 × 24 ni karibu 19 VA. Chukua ya 40 au 50 VA, usiibane. Na kwenye programu usiziamshe zote sita kwa sekunde moja, ziachanishe kwa sekunde moja moja.

Pampu hapana. Rilei ndogo haiwashi mota ya 5.5 kW hata siku moja. Mota hiyo kwa 400 V inakula karibu 11 A, na inapoamka moja kwa moja inavuta mara tano hadi saba ya hapo. Mlolongo ni huu: PLC inawasha rilei, rilei inawasha koili ya kontakta, kontakta inawasha mota.

---

Dada_Paneli:

Kwenye kontakta kuna jambo watu wanalipita haraka dukani: herufi za mwisho za namba. Kwa Schneider LC1D12, ambayo ni ya 12 A na 5.5 kW kwa 400 V, ukiona P7 mwishoni koili ni 230 V AC. BD ni 24 V DC. B7 ni 24 V AC. B7 na BD zinafanana machoni pa muuzaji, na mtu akikuletea B7 ukaiunga kwenye DC, ni ile hadithi ya koili kunuka. Geuza kontakta, soma maandishi juu ya koili yenyewe, karibu na A1 (A1 na A2 ni terminali za koili).

Kwa nini rilei ya kati wakati koili ya P7 ni ndogo? Ikiwa imeshika inakula karibu 7 VA, yaani 0.03 A. Wakati wa kuvuta ni karibu 70 VA, yaani 0.3 A. Kwa PLC ya rilei ya 2 A inawezekana kuunga moja kwa moja, na wengi wanafanya. Mimi bado naweka rilei ya kati. Pointi ya rilei ya kati ikichakaa unachomoa unachomeka nyingine kwa dakika moja. Pointi ya ndani ya PLC ikigandana, umepoteza autiputi au umeanza kufungua bodi.

Njia ya koili ya pampu iende hivi, na mpangilio huu ni wa usalama: fezi → breka ya 2 A → kitufe cha dharura (pointi za NC, yaani zilizofungwa kisipobonyezwa) → pointi 95-96 za overlodi (kifaa kinachokata mota ikizidiwa) → pointi 9-5 za rilei → A1. A2 → nyutro. Swichi zote ziwe upande wa fezi. Ukiweka kitufe au overlodi upande wa nyutro, waya wa A2 ukichubuka na kugusa bodi ya chuma koili inapata njia nyingine ya kurudi, na kitufe cha dharura hakizimi kitu.

Overlodi ya mota hii iwe ya 9 hadi 13 A, mfano LRD16, na piga ulisete kwenye mkondo ulioandikwa kwenye kibao cha mota. Pointi 97-98 zipeleke kwenye inputi ya PLC ili ijue pampu imekatwa.

---

Mwanafunzi_Sakina:

Samahani dada, mimi naanza. Kwenye mafunzo tulipeleka kitufe cha dharura kwenye inputi ya PLC, kisha programu inazima kila kitu. Kuna ubaya gani?

---

Dada_Paneli:

Swali zuri, mdogo wangu. Ubaya ni kwamba unamwomba mlinzi ambaye huenda ndiye mgonjwa. Pointi ya rilei ikigandana, programu itaandika Q0.0 imezimwa, kitaa cha PLC kitazimika, na mota itaendelea kuzunguka. Transista ikifa mara nyingi inakufa ikiwa imefunga njia, matokeo ni yaleyale. Kitufe kikate umeme wa koili za kontakta kwa waya. Pointi nyingine ya kitufe hichohicho ndiyo ipeleke kwenye inputi, ili programu nayo ijue na isiwashe pampu yenyewe kitufe kikivutwa tena.

Na pale ambapo mtu anaweza kukatika mkono, kwenye mashine ya kukoboa au mkanda wa kusafirishia, kitufe na waya mmoja havitoshi. Hapo kuna rilei maalum za usalama zenye njia mbili, na kontakta mbili zinazofuatana.

Ni vilevile kwa mota ya kwenda mbele na nyuma, na kwa nyota-delta (njia ya kuamsha mota kubwa kwa mkondo mdogo). Kufungiana kwenye programu ni kuzuri lakini hakutoshi. Pitisha njia ya A1 ya kontakta moja kwenye pointi 21-22 za kontakta nyingine. Kontakta ikigandana, mwenzake hawezi kuvuta, na hupati shoti ya fezi kwa fezi.

---

Mwanafunzi_Sakina:

Asante sana dada, nimeelewa. Na dayodi? Wengine wanasema weka, wengine wanasema PLC ina kinga ndani.

---

Fundi_Njiro:

Weka. Koili yoyote ya DC ukiikata inarudisha volti kinyume, mara nyingi zaidi ya volti uliyoipa. S7-1200 ya transista ina kikomo ndani, lakini kinga bora inakaa kwenye mzigo wenyewe, kwenye koili, ili mshtuko usisafiri kwenye waya mrefu ukisumbua vihisi njiani.

Kwa koili ya DC: 1N4007. Ule mstari mweupe wa dayodi uelekee chanya. Ukiuweka kwenye hasi umetengeneza shoti. Ujue pia kwamba dayodi inachelewesha rilei kuachia kwa muda mfupi. Kwa valvu ya maji haina shida.

Kwa koili ya 230 V AC usiweke dayodi. Weka rezista ya 100 Ω na kapasita ya 0.1 µF kwa mfululizo, kapasita iwe ya aina ya X2, 275 V AC, uunge kati ya A1 na A2. Zinauzwa zikiwa kifurushi kimoja cha kuchomeka juu ya kontakta.

Watu wengine wanaiweka sambamba na pointi za rilei badala ya koili. Inafanya kazi, lakini fahamu kwamba kapasita ya 0.1 µF kwa 230 V 50 Hz inapitisha karibu 7 mA hata pointi zikiwa wazi. Kontakta haitajali, lakini taa ya LED itabaki ikimulika hafifu usiku kucha, na rilei ndogo ya AC inaweza kugoma kuachia. Mtu anabadilisha PLC wakati tatizo ni kapasita ya shilingi chache.

---

Umeme_Moshi:

Naomba nitofautiane kidogo kwenye king'ora. Ni cha 24 V DC, kikivuta 0.25 A kinaingia kwenye 0.5 A ya transista bila shida. Kwa nini rilei ya kati?

---

Fundi_Njiro:

Kwa hesabu ya ampea uko sahihi mkuu. Sababu yangu ni waya. King'ora kinakaa nje, juu ya nguzo au ukutani, waya unapigwa na jua na mvua za masika. Siku waya huo ukifanya shoti, kwenye rilei ya kati fyuzi itakatika. Kwenye autiputi isiyo na kinga, autiputi ndiyo itakuwa fyuzi. Kanuni ninayoishika: kila waya unaotoka nje ya paneli upite kwenye rilei na fyuzi. Taa za mlango wa paneli, hizo unga moja kwa moja.

---

Umeme_Moshi:

Nimekubali. Basi niseme la PNP na NPN, maana halijaguswa na linaunguza watu.

Transista za S7-1200 zinatoa chanya (PNP): autiputi ikiwaka inatoa +24 V, kwa hiyo upande wa pili wa mzigo unarudi 0 V. Kuna vidhibiti vingine ambavyo autiputi inavuta kwenda 0 V (NPN), na hapo mzigo unaanzia +24 V na kumalizikia kwenye autiputi. Mitsubishi FX3U ya transista ipo ya namna zote mbili: ikiishia /ES inavuta kwenda hasi, ikiishia /ESS inatoa chanya. Ukiunga kinyume, au mzigo hauwaki kabisa, au unawaka muda wote, kutegemea ulivyokosea.

Kama una pawa saplai mbili, moja ya PLC na nyingine ya mizigo, kwa autiputi za transista 0 V ambayo mzigo unarudi lazima iungane na 0 V ya autiputi zenyewe (3M kwenye S7-1200). Zisipoungana mkondo hauna njia ya kurudi. Utapima +24 V kwenye autiputi dhidi ya 0 V ya PLC, utaona iko safi, na rilei imelala tu. Kwa autiputi za rilei hii haihusiki, zile ni pointi kavu, hazina umeme wake.

---

Maji_UsaRiver:

Wakuu, valvu ya mbali zaidi iko kama mita 150 kutoka kwenye paneli. Nina roli la waya mwembamba wa 0.5 mm². Utatosha?

---

Kontakta_Pasua:

Piga hesabu, usikisie. Shaba ni karibu 0.0175 Ω kwa mita kwa mm² 1. Umbali mara mbili, kwenda na kurudi, ni mita 300.

Kwa 0.5 mm²: 0.0175 × 300 ÷ 0.5 = 10.5 Ω. Valvu ikivuta 0.4 A inapoteza 4.2 V. Inabaki chini ya 20 V wakati ule ule inapohitaji nguvu ya kuinua plunja (kile chuma kinachofungua valvu). Inaweza kufunguka leo ikiwa safi, kesho mchanga kidogo ukiingia haifunguki.

Kwa 1.5 mm²: 3.5 Ω, inapoteza 1.4 V. Hiyo ni salama.

Na plunja ya AC isipoinuka, koili inabaki kwenye mkondo wa kuvuta, haishuki kwenda ule wa kushika. Ndiyo maana valvu ya AC iliyoziba kwa mchanga inaungua koili. Weka chujio kabla ya valvu, na fyuzi ndogo kwa kila valvu kama paneli ina nafasi, ili moja ikiharibika shamba zima lisilale.

Nyaya za shambani zipite kwenye bomba lake, zisilale pamoja na kebo ya mota.

---

Dada_Paneli:

Kuhusu rangi. Huku kwetu utakuta majengo ya zamani yenye nyekundu, njano na buluu kama fezi na nyeusi kama nyutro, na kazi mpya zenye kahawia, nyeusi na kijivu kama fezi na buluu kama nyutro. Kwa hiyo buluu inaweza kuwa fezi na nyeusi inaweza kuwa nyutro, kwenye jengo moja. Pima kila mara. Ndani ya paneli yako tumia nyekundu kwa udhibiti wa AC na buluu kwa udhibiti wa DC, na bandika namba kwenye kila ncha ya waya, ncha zote mbili. Waya wa nyuzi nyingi uvalishwe feruli (kibomba cha chuma cha kubana ncha) kabla ya kuingia kwenye terminali. Unywele mmoja ukitoka nje na kugusa terminali ya jirani, autiputi mbili zinawaka kwa amri moja.

---

Mwanafunzi_Sakina:

Je, taa ya autiputi ikiwaka lakini mzigo haufanyi kazi, nianzie wapi?

---

Umeme_Moshi:

Anzia kwenye PLC ukielekea mzigo, usirukeruke. Kitaa kinakwambia kwamba programu imeamuru. Hakikwambii kwamba umeme umetoka.

Transista: pima 3L+ dhidi ya 3M. Hakuna 24 V? Umepata. Ipo? Pima Q0.0 dhidi ya 3M ikiwa imewashwa. Ikitoa karibu 24 V, tatizo liko mbele: waya, rilei iliyogeuzwa, 0 V isiyorudi. Ikitoa sifuri na kitaa kinawaka, chomoa waya wa mzigo upime tena. Ikirudi 24 V mzigo una shoti. Ikibaki sifuri, autiputi imekufa. Hamisha waya kwenye Q nyingine, badilisha anwani kwenye programu, kazi iendelee.

Rilei: pima kama 1L ina umeme. Mara nyingi fyuzi ya pointi ya pamoja ndiyo iliyokatika, na utaona autiputi tano zimekufa kwa pamoja. Zikifa tano kwa pamoja usilaumu PLC.

Jihadhari na multimita ya kidijitali kwenye waya mrefu wa AC uliolala sambamba na nyaya zenye umeme. Itakuonyesha hata 60 au 90 V kwenye waya uliokatika. Pima kwa taa ya majaribio, volti za uongo zinapotea hapo hapo.

Mzigo usiozimika baada ya kuamuru: zima umeme, funga breka kwa kufuli, halafu pima mwendelezo kwenye pointi 9-5. Zikilia mlio wakati rilei imelala, zimegandana. Usiishie kubadilisha rilei, tafuta kilichozigandisha. Mara nyingi ni kundi la taa za LED zilizowekwa kwenye pointi moja. Kila taa ina kapasita ndani, na zote zinajaa kwa mpigo mmoja. Wati kwenye boksi ni ndogo, mkondo wa kuamka ni mkubwa. Taa nyingi ziwekee kontakta.

---

Fundi_Njiro:

Na hesabu ya kuchakaa, kwa wanaoweka hita za vitalu au oveni kwenye autiputi ya rilei. Rilei ya S7-1200 kwa mzigo kamili inakadiriwa kufungua na kufunga mara 100,000. Ukiiwasha na kuizima mara moja kila sekunde 10, hiyo ni mara 8,640 kwa siku. Siku 11 na nusu umemaliza uhai wake. Kwa kazi ya namna hiyo tumia transista ikiendesha rilei ya elektroniki isiyo na pointi, na uifunge kwenye chuma cha kupoozea.

---

Maji_UsaRiver:

La mwisho kutoka kwangu. Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi pampu ikiwa inafanya kazi, itakuwaje?

---

Kontakta_Pasua:

Itategemea ulivyoandika programu. Mfumo wa zamani wa kitufe na kontakta inayojishikilia ulikuwa unalala umeme ukikatika, mpaka mtu abonyeze. PLC ikirudi inasoma hali na kuamua. Kama umeandika "swichi ya otomatiki imewashwa, basi washa pampu", pampu itaamka yenyewe sekunde chache baada ya umeme kurudi, hata kama kuna mtu ameinama kwenye mabomba.

Weka kipima muda cha sekunde 30 hadi 60 baada ya PLC kuamka, king'ora kilie sekunde 5, valvu ifunguke, kisha pampu. Muda huo unasaidia pia umeme unaporudi na kukatika tena mara mbili tatu, kontakta haitetemeki. Kuzima iwe kinyume: pampu kwanza, valvu sekunde kadhaa baadaye. Na weka rilei ya kulinda fezi, pointi yake ipite kwenye njia ya A1. Fezi moja ikikosekana overlodi inachelewa, hiyo rilei haichelewi.

Ukianza majaribio, zima breka ya mota uache ya udhibiti. Washa autiputi moja moja, sikiliza rilei, angalia kontakta inavuta kwa mlio mmoja safi. Ikinguruma, volti ya koili ni ndogo au kuna uchafu kwenye sumaku. Bonyeza kitufe cha dharura kontakta ikiwa imevuta, iachie hapo hapo. Bonyeza kitufe cha majaribio cha overlodi, iachie pia. Vyote vikikubali ndipo uwashe breka ya mota, na kwanza kabisa washa mota kwa sekunde moja tu uangalie mwelekeo wa mzunguko. Ikizunguka kinyume, badilishana fezi mbili chini ya kontakta.

---

Maji_UsaRiver:

Nimeandika yote. Jumamosi naingia Arusha mjini kuchukua rilei nane, transfoma ya 50 VA, waya wa 1.5 na rilei ya fezi. Nikishaunga nitaweka hapa mchoro wa terminali kabla sijawasha, naomba muupitie.

---

Dada_Paneli:

Ulete. Piga na picha ya kibandiko cha koili ya kontakta na kibao cha mota, tusihakiki kwa kukisia.